Hilali ya kucha haitoki kwenye pakiti

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi nimjibu baba mmoja aliyeandika katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita kuhusu kucha za harusi ya binti yake. Kwa waliokosa gazeti lile: baba alitoa shilingi elfu hamsini, binti akatengenezwa kucha za frenchi, zile za waridi mwilini na nyeupe nchani, na ilipofika siku ya ukumbini ile mistari myeupe ikatoka kombo katika kila picha. Kidole cha pete kina weupe mpana, cha kati kina weupe mwembamba kama uzi, na ukingoni mwa weupe wenyewe, anasema, kulikuwa na kivuli cha manjano "kama jino la mvuta sigara". Mpaka hapo nilikuwa nasoma huku namhurumia. Kisha akafunga barua kwa kusema kazi ya kucha ni plastiki na gundi, haina ufundi wowote, na kwamba tunaiga Wafaransa tu. Hapo nikaweka kikombe cha chai chini.

Mimi ni mpaka hina. Nilianza nikiwa na miaka kumi na mbili, mwalimu wangu bibi yangu wa Wete, na kazi ya kucha niliipata baadaye Unguja nilipokaa miaka mitatu katika saluni moja ya Mjini. Huu ni mwaka wa kumi na moja nafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yangu hapa Machomanne, Chake Chake. Sijisifu, nataka tu baba ajue kwamba anayemjibu ameharibu kucha nyingi kabla ya kuziweza.

Tuwaondoe kwanza Wafaransa njiani. Frenchi imezaliwa Marekani. Ni Jeff Pink, mwenye kampuni ya Orly, ambaye katika miaka ya 1970 watu wa filamu wa Hollywood walimtaka awatafutie rangi moja ya kucha itakayokubaliana na kila nguo, wapate kupumzika na kubadilisha rangi kila mwigizaji anapobadilisha gauni. Akatazama ukucha ulivyo wenyewe, waridi mwilini na weupe nchani, akauzidishia kidogo. Jina la Kifaransa lilikuja baadaye, alipoupeleka mtindo wake kwenye maonyesho ya mavazi Paris. Na hiyo plastiki anayoidharau baba, akriliki, mtu wa kwanza kuitia kwenye ukucha alikuwa daktari wa meno, Mmarekani Fred Slack, mwaka 1954, baada ya kuvunjika ukucha akauziba kwa vifaa vya kazi yake. Akriliki ni ndugu wa meno ya bandia, na sijapata kumsikia mtu akisema mtengeneza meno hana ufundi.

Sasa mstari wenyewe. Pale weupe unapokutana na waridi, wenye kazi yao wanapaita mstari wa tabasamu, kwa vile umepinda kama mdomo unaocheka. Mimi nauita hilali. Nina sababu. Msichana anayejifunza nikimwambia achore tabasamu, ananichorea mdomo wa katuni, umenona katikati na umekatika pembeni. Nikimwambia achore hilali, anajua. Tangu mdogo amepanda juu ya paa na wenzake kuutafuta mwezi wa Ramadhani, na huku kwetu mwezi mchanga hulala chali kama ngalawa, pembe zote mbili juu. Elekeza ncha ya kidole chini uutazame ukucha wa frenchi uliofanywa vizuri: ndio ule ule. Tumbo la mwezi liko upande wa ncha, na pembe mbili zinapanda ubavuni kuelekea kwenye shina la ukucha, moja huku na moja huku, zimefika sawa.

Na hizo pembe ndizo zinazomtambulisha fundi. Tumbo kila mtu hulipata. Pembe moja ikisimama njiani kabla ya kuufikia mfereji ule ambao ukucha unaingia kwenye nyama, mkono mzima unaonekana umechoka. Moja ikipanda kuliko mwenzake, hata kwa upana wa uzi, jicho linaiona kabla mtu hajajua anachokiona.

Nilivyosoma maelezo ya baba, nadhani najua binti alifanyiwa nini. Kile kivuli cha manjano kimenipa jibu. Aliwekewa tipu nyeupe za pakiti, ncha za bandia zile za plastiki zinazokuja zimekwisha kukatwa mstari kiwandani, ukazigundisha tu ukafunika juu kwa poda ya waridi. Tipu ya pakiti ina pinde moja kwa vidole vyote vya dunia. Haijui kwamba gumba la binti huyu ni pana kama sahani na kidole chake kidogo ni chembamba kama mbegu ya tikiti. Haijui pia kwamba ukucha wa asili una mstari wake, pale unapoachana na nyama, na mstari huo mara nyingi hauko sawa. Mwanamke wa hapa anamenya muhogo, anapasua dafu, anachambua dagaa. Ukucha unachomoka nyama upande mmoja na mstari unarudi nyuma upande huo. Weupe wa tipu ukianzia mbele ya mstari wa asili, katikati yake kunabaki ufa, na ufa huo ndio kivuli cha manjano. Weupe lazima uufunike mstari wa asili au urudi nyuma yake kidogo kuelekea kwenye shina. Fundi anayejua anatazama vidole vyote kumi kabla hajafungua kichupa, anatafuta kile ambacho mstari wake umerudi nyuma zaidi, na hicho ndicho kinachoamua vyengine vitakaa wapi. Asipotaka weupe uwe mkubwa mno, basi nyama ya ukucha anaifunika kwanza kwa poda ya waridi zito lisiloonyesha ndani, halafu hilali anaichora anapotaka yeye.

Wengine wanatumia stika, vile viutepe vilivyopinda. Nimevitumia. Kwa rangi ya kawaida kwenye kucha fupi vinasaidia, mradi uvibandue rangi ikiwa bado mbichi. Kwenye akriliki havina kazi.

Kwa mkono inafanywa hivi. Naweka kikombe kidogo cha likwidi, yale maji yanayoigeuza poda kuwa akriliki, na poda nyeupe mbele yangu, brashi nambari nane ya manyoya. Brashi inaingia kwenye likwidi, naikamua ukingoni, nagusa poda kwa ncha, kinajikusanya kidonge. Kidonge cha weupe kinatakiwa kiwe kikavu kuliko cha waridi, maana kikiwa na maji mengi kinatembea chenyewe na hakuna hilali itakayosimama. Nakiweka katikati ya ncha ya ukucha, sio ubavuni. Nakibonyeza kwa tumbo la brashi kwenda kushoto, kisha kulia. Halafu navuta pembe kwa ncha ya brashi, ya kushoto mpaka mferejini, ya kulia mpaka mferejini. Hapo mstari bado mbaya, una meno meno, na wanafunzi wangu wote hapa ndipo wanapoharibu: wanaanza kuuhangaikia. Acha. Futa brashi kwenye kitambaa. Subiri poda ipoteze mng'aro wake, ile dakika inapoonekana kama imeingia ukungu lakini ukigusa bado inakubali. Kisha ilaze brashi karibu bapa, likwidi kidogo sana nchani, uikate hilali kutoka pembe moja kuja katikati, futa, kutoka pembe ya pili kuja katikati. Mikato miwili. Ukifanya mitano umeshaukosa.

Waridi unafuata. Hapa pana mtego mwengine. Kidonge cha waridi chenye maji mengi kikigusa weupe ambao haujashika vizuri, kinauyeyusha, na hilali uliyoihangaikia inatoka na ndevu. Nauweka waridi mbali kidogo na mstari, nausukuma taratibu mpaka uguse weupe usimame hapo, na kinachobaki nakipapasa kuelekea kwenye shina. Kisha safu nyembamba ya poda isiyo na rangi juu ya vyote, ili tupa ikipita isikwangue hilali yenyewe.

Vitabu vya kazi hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na hili hakuna aliyeniambia mapema. Poda na likwidi hushika haraka zaidi kwenye joto. Kusi ikivuma nafanya kazi kwa raha zangu. Kaskazi ikiingia, Januari na Februari saa saba mchana, poda inashika kama saruji kabla hujafika pembe ya pili, na ndiyo maana utaona kucha nyingi za harusi za msimu ule zina pembe nzuri ya kushoto na kisiki cha kulia. Nilikuwa nalaumu poda. Siku hizi, kaskazi, weupe naugawa vidonge viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, nafunika likwidi kila nikipumzisha mkono, feni naigeuza isinipige mezani kwa vile nayo inakausha, na maharusi nawafanyia asubuhi.

Kwa mkono ambao haujakomaa kuna njia ya kinyume, nami naipenda kuliko ninavyokiri mbele ya wateja. Unaanza na waridi. Unaujaza kwenye ukucha mpaka upite kidogo pale hilali itakapokaa, unauacha ushike kabisa. Kisha unachukua tupa mpya, ya 180, ambayo ukingo wake bado mkali, unaishika wima kama kisu na kuchonga pinde kwenye waridi uliokauka. Huumbi tena, unachonga, na unaochongwa hauna haraka. Ukikosea unachonga tena. Ukimaliza unapata ukuta mdogo uliosimama. Unapiga vumbi lote kwa brashi kavu (likibaki hata chembe mstari utatoka na madoa ya kijivu), kisha unausukuma weupe mpaka ugonge ukuta huo. Mstari unatoka kama umekatwa kwa wembe. Msichana wangu mmoja wa Wawi alishindwa njia ya kwanza miezi minne, ya pili akaipata siku ya tatu.

Jeli, ile rangi nzito ya kucha inayokaushwa kwa taa yake maalumu, ina huruma zaidi, kwa vile haikauki mpaka iingie kwenye taa hiyo. Unachora hilali kwa brashi nyembamba, ukikosea unachukua brashi bapa yenye spiriti kidogo unafuta ukingo, unachora tena, hata mara kumi. Ila jeli nyeupe ukiipaka nene mwanga haufiki chini, juu imekauka na chini ni uji, basi ni mikono miwili myembamba. Na kwa joto letu inatiririka, kwa hiyo nafanya vidole viwili, naviingiza kwenye taa sekunde kumi vishike, naendelea na vyengine. Mwisho vinarudi vyote kwa muda kamili. Halafu kuna suala la umeme. Umeme wetu Pemba unapita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na siku nyengine unatukumbusha kwamba njia ni ndefu. Biharusi vidole sita vimekauka vinne bado, huo si mtihani ninaoutaka tena, ndiyo maana wengi wao nawafanyia akriliki.

Baba alisema hakuna ufundi. Namsimulia siku niliyokosa ufundi mimi.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza hapa Chake. Nikapata biharusi aliyetaka kila kitu kwangu, kucha na hina. Mimi kwa furaha ya kazi mbili nikamfanyia kucha Alkhamisi. Zilitoka nzuri, hilali kumi za kupendeza, mama mtu akazipiga picha akampelekea dada yake Maskati. Ijumaa jioni nikampaka hina, na kama desturi nikamfunika ncha za vidole, nikasema weupe nitaukwepa. Mtu analala na hina, Mhariri. Anajigeuza, anakuna shingo, anarudisha shuka. Asubuhi alipoiosha, weupe wote ulikuwa rangi ya embe dodo. Hilali zilikuwepo, pembe zote sawa sawa, za chungwa. Yule binti hakulia, alinitazama tu, na nadhani angelia ingekuwa nafuu. Nilikaa naye masaa matatu nikikwangua uso wa kila ukucha kwa tupa, nikapata weupe wa maziwa yaliyolala, nikamrudishia mama mtu nusu ya pesa.

Tangu hapo kwangu hina inatangulia. Inapakwa, inaoshwa, mafuta ya singo yanatolewa vizuri kwa maana akriliki haishiki kwenye mafuta, na kucha zinafuata siku ya pili yake. Lakini hapo tena hina imeshaingia kwenye ukucha wa asili, na haitoki ila kwa kuota, ambako ni kama milimita tatu kwa mwezi. Waridi wa kawaida juu ya ukucha wenye hina unageuka chungwa, hivyo lazima ule waridi mzito usioonyesha ndani. Hili sikulikuta popote limeandikwa. Ni letu, tunaotia hina na frenchi kwenye mkono mmoja, na ndiyo sababu moja ya kumwandikia Mhariri.

Kipimo nilirithi kwa bibi yangu. Akimaliza kupaka hina alikuwa anamsimamisha biharusi mbele ya kioo cha kabati, mikono mbele ya kifua, na yeye haangalii mikono, anaangalia kioo. Alisema jicho huzoea kosa lake, kioo hakina mazoea. Nafanya vile vile kwa kucha. Gumba na gumba zinakaa ubavu kwa ubavu, shahada na shahada, mpaka kidole kidogo, zikitazamwa kiooni, na hilali iliyokwenda upande inajitangaza yenyewe. Tena nauzungusha mkono, kwa kuwa mimi niliyekaa mbele naiona hilali imelala chali, lakini mwenye mkono akijitazama anaiona imefudikia. Mstari ambao kwangu sawa, kwake unaweza kuwa na kigongo.

Kuhusu udhu, ambao baba aliugusa kwa mstari mmoja, mimi namwambia kila anayekaa kwenye kiti changu kwamba maji hayapiti chini ya akriliki wala jeli. Ajue, kisha aamue, na akitaka kuzivua baada ya siku ya harusi namvulia bila ya malipo. Zangu zinalainika kwa asetoni. Zipo likwidi za bei ndogo, za MMA (kemikali ya methyl methacrylate), ambazo asetoni haiziwezi na zikigongwa zinang'oka na ukucha wako. Marekani walianza kuzipiga vita tangu miaka hiyo hiyo ya 1970. Harufu yake inakuingia puani ukiwa bado mlangoni. Ukiisikia, rudi nyumbani.

Ninaloliomba ni dogo. Kuna watu wanatoa vyeti vya kucha baada ya mafunzo ya siku tatu, na katika siku tatu hizo mwanafunzi hajawahi kuikata hilali kwa mkono wake, amegundisha tipu za pakiti tu. Vituo vyetu vya amali, Vitongoji au kwengineko, vikifundisha urembo, kabla ya cheti wamkalishe mwanafunzi afanye mkono mmoja wa frenchi kwa poda, na mwalimu autazame kwenye kioo. Na wazazi wenye kulipa wasiulize bei peke yake. Waombe kuona mkono wa mteja mwengine aliyefanyiwa wiki tatu zilizopita, wakati hilali imeshasogea mbele milimita mbili kwa kuota. Hapo fundi anaulizwa: unajaza waridi tu nyuma, au unaukata weupe wa zamani uiweke hilali upya mahali pake? Anayejibu la kwanza atakuachia weupe unaokimbilia nchani mpaka uishe.

Namkaribisha baba Machomanne, na binti yake pia, ambaye zake nitazifanya bure. Nitampa baba brashi, poda nyeupe na tipu kumi za plastiki zisizo na mstari, akae mezani kwangu akate hilali moja tu yenye pembe mbili sawa. Aje kabla ya saa nne asubuhi, maana sasa kaskazi imeingia.

Mpaka hina wa Machomanne,
Chake Chake, Pemba